Jina Chini ya Utepe Mweusi

Kosa ni langu, na heri niliseme mwenyewe kabla binamu zangu hawajanisemea. Mimi ndiye niliyebandika utepe mweusi kwenye zile nakala tisa. Bibi alinituma, ni kweli. Lakini hakunituma vile.

Mwaka huo, tisini na tisa, nchi nzima ilikuwa inabishana kama serikali ituombe radhi au isituombe, sisi watu wa asili, kwa watoto wetu iliowachukua mikononi mwa mama zao na kuwapeleka mabweni ya mbali wakalelewe kizungu. Redioni ni hilo, magazetini ni hilo, kwa kinyozi ni hilo. Wengine walisema radhi ni kubwa mno, watupe masikitiko, yale yale unayopewa stesheni treni ikichelewa. Mjomba Lex alizima redio mwezi wa tano na hakuiwasha tena. Alisema anawasikia tu majirani wakigombania godoro lake, na hakuna aliyemuuliza kama ana usingizi.

Halmashauri ya mji wetu wa Mindarra nayo haikutaka kupitwa. Gari lililokuwa linabeba watoto lilikuwa linatokea kituo cha polisi cha hapa hapa, kwa hiyo madiwani wakapanga kupiga kura: mji uombe radhi, au usiombe? Madiwani ni tisa. Wanne wakasema ndiyo. Wanne wakasema hapana. Wa tisa, Clive Stannard mwenye duka la mabomba, akasema yeye hana ubaya na mtu, ila hapigi kura juu ya hadithi. Aletewe ushahidi.

Bibi yangu, Merle, alikuwa nao. Mdogo wake alichukuliwa akiwa na miaka sita. Bibi mwenyewe aliachwa, maana walikuwa wanachukua machotara, na baba zao walikuwa tofauti; rangi ya Bibi haikuwa imetiwa maziwa. Yule mdogo alirudi na miaka arobaini na tisa, na masanduku mawili, na Kiingereza kitupu. Wakaishi nyumba moja miaka saba, wakigombana kila asubuhi juu ya sukari kwenye chai kama watu wanaolipa deni la utoto.

Jina lake silitaji, na usinisumbue. Kwetu mtu akifa jina lake linakwenda naye. Hulitamki mpaka wenye msiba waseme basi, na inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mitano. Ukimwita unamgeuza njiani, anarudi kutazama nani anamtaka. Picha zake zinafunikwa. Binamu yangu aliyerithi jina hilo sasa anaitwa Kunmanara, jina la akiba wanalopewa wote waliokumbwa na hali kama hiyo. Wakati ule tulikuwa nao watatu mtaani. Ukiita mmoja, wanageuka wote, na wote wanataka chakula.

Mwezi wa nane barua ilifika kutoka Perth, makao makuu ya jimbo letu, kwenye nyumba ya kumbukumbu za serikali. Ndani yake ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari la polisi, na jina la yule mdogo limeandikwa kwa mkono mzuri kuliko wangu. Bibi aliuangalia ukurasa ule kutwa. Mimi, msomi wa familia, nimemaliza kidato cha mwisho na cheti ninacho, nikaenda shuleni kwangu kuomba mashine, nikatoa nakala tisa za madiwani.

Siku tatu baadaye yule mdogo akafa. Moyo. Alikuwa anaanika nguo.

Tukahamisha magodoro uani, kama inavyotakiwa, tukaanza matanga. Bibi akaniambia, "Del, funika jina lake kila mahali." Nikachukua utepe mweusi wa fundi umeme nikaanza kazi. Biblia yake, nikafunika. Chupa za dawa, nikafunika. Sanduku la barua, kadi ya maktaba, kikombe. Nikafika mezani, zile nakala tisa zimelala pale na ukurasa wenyewe juu. Kila mahali ni kila mahali. Nikakata vipande kumi, sawasawa, nikavinyoosha kwa kidole gumba. Nilijiona mjukuu kweli kweli. Kisha nikazitia zile tisa kwenye bahasha, nikazipeleka halmashauri.

Usiniulize nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa sijalala siku nne.

Siku ya kikao Mjomba Lex hakutaka twende. "Tuko matanga," alisema. "Wasogeze tarehe."

"Niliomba," nikamwambia. "Karani anasema kusogeza kunataka taarifa ya siku ishirini na moja."

"Basi marehemu amekosea. Hakutoa taarifa."

Wazee wakacheka bila kuinua vichwa. Bibi hakucheka. Alikuwa anavaa viatu, mguu mmoja mmoja, akipumzika katikati.

"Nimengoja miaka hamsini," alisema. "Na huyu Stannard ana kura moja mkononi. Nikiiacha leo, sijui kama nitakuwepo watakapokutana tena. Nataka niisikie hiyo radhi ikisemwa, Lex. Mara moja tu. Halafu nije nilale."

Tukaenda wawili, saa nane mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa, na mapangaboi yalizungusha joto lile lile. Mwenyekiti, Bi. Heather Croome, alitoa dakika mbili kwa kila msemaji.

Akasimama mama mmoja mwenye miwani kichwani. "Mimi nimezaliwa mwaka sitini na nane," alisema. "Sikumchukua mtoto wa mtu. Niombe radhi ya nini?"

"Basi umesamehewa, mama, kaa," nikasema.

Watu wa nyuma wakacheka. Bibi akanifinya paja. "We mtoto. Umekuja kwenye sarakasi?"

Akasimama mzee wa chama cha maveterani, mpole. Yeye alisema wale watoto waliokolewa. Walipewa shule, walipewa kitanda, walipewa viatu.

"Vilimbana," Bibi alisema, polepole, kama anayezungumza na kiti cha mbele. "Viatu. Aliniambia."

Walisema kumi na wanne. Mwingine alileta habari za babu yake mchimba madini, mwingine aliuliza sisi tutaomba radhi lini kwa kelele za siku ya mechi. Nilihesabu mara ngapi mtu alisema "tusonge mbele". Nilipofika tisa nikaacha. Bibi alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala, lakini kila mtu akisema "hawa watu", kidole chake kilikuwa kinagonga mkoba.

Ikafika zamu ya ushahidi. Bi. Croome akaufungua ukurasa wake na kuusoma kwa sauti, na mpaka alipofika katikati ndipo alipoona.

"Tarehe kumi na moja Juni, arobaini na tisa. Msichana, chotara, umri yapata miaka sita, jina..." Akasita. Akaugeuza ukurasa, akaurudisha. "Jina... Amechukuliwa kutoka kambi ya mtoni. Mama alileta usumbufu kidogo."

Kalamu ya karani ikasimama. Nadhani hata yule mama wa miwani alikuwa anamfikiria huyo mama na usumbufu wake. Kama kura ingepigwa dakika ile, tungekuwa tunasimulia mengine.

Lakini Stannard aliinua nakala yake juu. "Hiki nini?"

Madiwani wote wakatazama zao. Tisa, zote na mstari mweusi pale pale.

"Kuna mtu amefuta jina," Stannard alisema. "Jamani, mimi nimeomba kitu kimoja. Mtu mmoja, jina moja. Sasa nipige kura juu ya utepe?"

Kicheko kikapita ukumbini. Nikasimama. "Nimebandika mimi, Mheshimiwa. Hakuna aliyeficha kitu. Tuko matanga, ni mdogo wake Bibi, ametutoka wiki iliyopita. Jina lipo hapo chini."

"Lipo hapo chini?"

"Lipo."

"Basi mambo yameisha." Na kusema kweli alikuwa na furaha, mtu aliyepata njia. "Merle, sikiliza. Nikilisoma, kura yangu ni yako. Ndiyo, mbele ya watu wote. Nataka tu liingie kwenye kumbukumbu za kikao." Na akaanza kuichokoa pembe ya utepe kwa ukucha.

Nitasema ukweli, maana Bibi anaujua. Nilitaka aendelee. Nilisema moyoni, chokoa, baba, chokoa. Mimi sijalitaja, Bibi hajalitaja. Mzungu wa mabomba ndiye atakayelitaja, na yeye hajui sheria zetu, marehemu atamwelewa. Sekunde tano tu, halafu Bibi atasikia alichokuja kusikia na nimpeleke akalale. Pembe ikainuka. Utepe ule ni mzuri, haukuchana karatasi.

"Clive," Bibi alisema. "Toa kidole."

Hakuwa amesimama. Aliinuka baadaye, akishika kiti cha mbele, na aliyekikalia akainama kumpisha.

"Nataka kukusaidia, Merle."

"Najua. Toa kidole."

Akatoa.

"Ukilisoma humu, atageuka," Bibi alisema. "Ameshaanza safari. Atarudi asimame pale mlangoni, aulize nani kamwita, na mimi sina la kumwambia. Mlimtoa njiani mara moja. Leo nikubali mumtoe mara ya pili, ili mseme samahani ya ile ya kwanza?"

Mtu alikohoa, akajuta.

"Sasa tufanyeje?" Stannard aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena. "Siwezi kupigia kura nisichokisoma. Nilishawaambia wote hivyo."

"Basi usipige."

"Merle. Bila mimi ni wanne kwa wanne."

"Hesabu naijua," Bibi alisema, akakaa. Nilisikia magoti yake.

Bi. Croome akanong'ona na karani. Karani akafungua kitabu cha taratibu, akafunga, akafungua tena. Hoja ikatolewa ya kuahirisha mpaka jina liweze kusomwa. Mikono ikapanda, saba. Bi. Croome akauliza, kwa heshima kabisa, matanga yetu yataisha lini ili aweke tarehe.

"Tutakapowaambia," nikajibu.

"Karani anahitaji tarehe, binti."

"Andikeni mnayotaka," Bibi alisema.

Wakaandika Novemba. Kisha wakaingia kwenye ajenda ya taka.

Nje, Stannard alitukuta kwenye gari. Alikuwa ameshika nakala zote tisa, amezikusanya mezani moja moja. Alimpa Bibi.

"Zisibaki ofisini," alisema. "Kuna watu pale hawatajizuia." Akajikuna shingo. "Pole na msiba."

"Tumeshapoa," Bibi alimjibu, na akamwangalia mpaka alipogeuka kwenda dukani kwake.

Nikaanza kuhesabu nguzo za umeme, mimi mtu ninayeongea na taa za barabarani. Mwishowe nikashindwa. "Bibi, nimekuharibia."

"Endesha."

"Ningewapelekea bila utepe, wangeshalisoma kabla. Bila sisi kuwepo. Ungeshinda."

Tukapita bwawa, tukapita kiwanja cha mpira. "Wangelisoma," Bibi alisema. "Mimi ningejua limesomwa." Akaegemeza kichwa kwenye kioo. "Ulibandika vizuri. Mstari umenyooka. Punguza mwendo, nina kichefuchefu."

Nyumbani walikuwa wamekaa vile vile, kwenye magodoro, kivuli kimewahama bila wao kukifuata. Kwetu ukirudi matangani husalimii kwa maneno. Unapita kwa kila mmoja, unashika mkono, unaachia, unakwenda kwa mwingine. Bibi akapita. Mikono ishirini na kitu. Wengine hawakuinua macho, walitoa mkono tu ukashikwa. Mimi nikafuata nyuma yake na bahasha kwapani.

Alipofika mwisho akateremka chini taratibu, akanyoosha miguu, akavua viatu. Mjomba Lex akammiminia chai. Akatia sukari, akangoja, akaongeza.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Bibi akaipuliza chai.

"Wamesema Novemba."