Bawa la Juu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ile mvua ilinyesha kidogo, ikaacha, ikanyesha tena, kama mtu aliyetoka nyumbani akakumbuka kwamba kuna kitu amesahau ndani. Nilipofika kwa Kinyozi viatu vyangu vilikuwa vimelowa chepechepe. Chumba cha nyuma, tulikofanyia kazi yetu, kilinuka sabuni ya kunyolea, rangi na gundi. Mzee, mwenye kazi ile, alisema hewa yenye unyevu huifanya gundi kali ishike upesi zaidi. Nikamshukuru Mungu kwa mvua hiyo, kwa sauti ndogo, bila kujua nashukuru nini.

Mezani ilikuwepo ndege. Ilikuwa ndege ya plastiki, ya zile za zamani zenye mabawa mawili, moja juu na moja chini, na kiwiliwili chake hakikuzidi urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Bawa la chini lilikuwa limeshakaa. Juu yake vilisimama viguzo vyembamba kama vijiti vya kuchokolea meno, vikisubiri kubeba bawa la juu, ambalo lilikuwa limelazwa kando juu ya taulo safi la kinyozi kama mgonjwa anayesubiri zamu yake.

Mwenye ndege alikuwa Mzee Kufuli. Maisha yake yote alikuwa fundi wa makufuli, na kifurushi kile alikinunua wakati bado ana nguvu, akakiweka juu ya kabati akisubiri siku mikono yake itakapotulia. Mikono ilipotulia, macho yakaanza kuondoka. La kushoto lilizimika kabisa. La kulia, alisema, lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kupitia pazia ambalo halijafuliwa. Daktari alikuwa amempangia upasuaji wa jicho hilo moja siku ya Jumatatu, akamwambia bila kumficha kwamba pazia linaweza kuondoka, au dirisha lote likafungwa. Mzee alitupa habari hizo kwa sauti ya mtu anayetaja zamu ya kufagia. Kisha akaongeza kwamba angependa kuiona ndege ikiwa na mabawa yake yote kabla hajaenda.

Kwa hiyo Jumamosi ile haikuwa ya mchezo.

Mimi niliingia katika kundi lile kupitia mlango wa elimu. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, na katika umri ambao wenzangu wanabembeleza wajukuu, nilijiandikisha masomo ya jioni nikakaa dawati moja na vijana wa rika la kitinda mimba wangu. Mwalimu wetu naye alikuwa kijana, mpole, aliyeniita mama hata pale aliponikosoa. Kumbe Jumamosi alikuwa akiunganisha ndege na Mzee na Kinyozi. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, akanipa nikitafsiri kama zoezi la nyumbani. Nilikitafsiri chote kwa kamusi na maombi. Sikuacha hata maonyo. Niliposoma kwamba kazi ile haiwafai watoto wadogo, nilifarijika kuona kwamba angalau hapo nilikuwa nimefaulu.

Nilipokuja kusoma tafsiri yangu, sikuondoka tena. Wakaniita Mama Sala, kwa sababu kabla ya kila hatua mpya midomo yangu ilikuwa ikicheza. Lakini kumbuka jambo hili: walikuwa wameniona nikiomba. Hawakuwa wamewahi kunisikia. Wanawake ninaosali nao wananijua, zamu yangu ikitajwa hutafuta mahali pa kukaa.

Sasa, bawa la juu. Ugumu wake ni kwamba viguzo vyote lazima viingie kwenye matundu yao kwa pamoja. Jumamosi iliyotangulia tulijaribu na gundi ya polepole, na kila kiguzo kimoja kilipoingia, kingine kilichomoka. Kinyozi alisema ni kama kumvalisha pweza suruali. Basi safari hii alileta gundi kali, ile aliyokuwa akigundishia kiti chake cha wateja, akaacha kichwa cha mtu katikati ya kazi akaja nyuma kusaidia. Yeye alishika upande wa kulia, Mwalimu wa kushoto, Mzee akakaa mbele yao na lenzi yake akiwaelekeza. Gundi ikatiwa, bawa likashuka, na kwa mara ya kwanza viguzo vyote vikaingia. Hakuna aliyepumua.

Nikasoma kijitabu: shikilia kwa muda mfupi.

Mwalimu akauliza muda mfupi ni muda gani. Kinyozi akasema muda mfupi wa nani, maana mkewe naye humwambia anakuja baada ya muda mfupi. Mikono yao ilikuwa imeshikilia, Mzee hakuweza kuisoma saa, na mimi sikuwa nayo. Ndipo Mzee akakata shauri.

"Muda wa sala fupi," alisema. "Mama Sala, tuombee. Ukisema amina, waachie."

Wakafumba macho. Nikaanza.

Nilianza na mvua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nikapita kwa yule wa kwanza aliyewaza kwamba chuma kinaweza kuruka. Kisha nikaingia hospitali, na humo nilikaa. Nilimwombea bawabu asiwasumbue wageni pale getini, na muuguzi awe amelala vizuri. Niliombea umeme usikatike, na kama utakatika, jenereta isitie ukaidi. Nilimwombea daktari mkono mwepesi, nikamwombea Jumapili yenye amani nyumbani kwake, asije akagombana na mkewe akabeba hasira ndani ya glavu.

Baada ya hapo lilibaki jambo moja tu, jicho lenyewe. Na pale nilikwama. Mimi ambaye sijawahi kukosa maneno mbele ya Mungu, kila nilipolikaribia neno hilo nilirudi nyuma. Niliogopa kwamba nikilitamka wazi, na Mzee akilisikia limetamkwa wazi, litakuwa swali, na swali lina majibu mawili. Basi nikazunguka. Niliwaombea walimu waliomfundisha daktari. Nikawaombea walimu wa walimu hao. Kinyozi akakohoa, nikadhani ameguswa. Nikaingia kwa waliotengeneza mikasi.

Mwishowe nililisema. Nilisema, "Na jicho hili, Bwana, unalijua." Sikuweza zaidi ya hapo.

"Amina," wakaitikia wote kwa haraka sana.

Kinyozi akasema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa tu:

"Mkono wangu haurudi."

Mwalimu akajaribu wake. Meza ikabaki, ndege ikanyanyuka. Hivyo ndivyo ilivyoruka kwa mara ya kwanza, ikining'inia kwenye vidole vya wanaume wawili wazima waliokuwa wakigombezana kwa kunong'ona, huyu anavuta, huyu anasihi asivute.

Pazia la mlangoni likafunguka. Alikuwa mteja, kitambaa cha kunyolewa kimemning'inia shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine ni msitu. Akaomba radhi kwa kuingilia ibada. Akauliza kama, kwa kuwa amina imeshasemwa, anaweza kumaliziwa nusu iliyobaki.

Nilikimbia kwa msusi wa jirani nikarudi na dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kwa maana nilijua inalegeza gundi. Mwalimu alipoiona akageuka rangi. Akaeleza kwamba ni kweli, italegeza vidole, ila tone likigusa plastiki, bawa litayeyuka kama mshumaa.

"Kwa hiyo ni ngozi yangu au bawa," alisema Kinyozi.

Tukamgeukia Mzee, maana ndege ni yake. Mzee akasema tumpe nafasi kidogo, anafikiri.

"Babu," Kinyozi akasema, "mimi ndiye ninayekunyoa. Fikiri na hilo."

Basi tukatumia maji ya moto na sabuni, pole pole, mteja akishika beseni kwa mikono miwili bila kulalamika, mpaka kidole kimoja kimoja kikaachia. Kinyozi aliacha kipande cha ngozi. Mwalimu aliacha alama ya dole gumba, wazi kabisa, kama mtu aliyepiga sahihi. Tukaisimamisha ndege kwenye magurudumu yake tukarudi nyuma kuitazama.

Bawa la juu lilikuwa limelala upande. Kushoto lilishuka, kulia lilipanda, kama kofia ya mtu anayetoka harusini.

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na amina yangu. Mwalimu akasema si kitu, bado kuna mchana mzima, atachukua wembe mwembamba akate viguzo na kulikalisha upya. Akauliza lilitelezaje, na sisi sote tulikuwa hapa.

"Liliteleza alipofika kwenye jenereta," Mzee akasema.

Tukamtazama. Kumbe yeye hakufumba jicho. Alisema hakuwa na jicho la kufumba ovyo siku zile. Aliliona bawa likianza kuinama, akaliona likiendelea kuinama, na hakusema neno.

"Mzee," nilisema, "kwa nini hukunikatiza?"

"Nikatize dua yangu mwenyewe kwa ajili ya plastiki?"

Siku hizi kisa hiki hukisimulia yeye, na kila mwaka sala inazidi kurefuka. Mwaka jana ilidumu mpaka mteja akaota ndevu. Lakini alichofanya baada ya maneno yale hukiruka, kwa hiyo nakiandika mimi.

Aliomba taa isogezwe. Akainamia ndege na lenzi yake, akaizunguka yote, injini, magurudumu, mkia, ile alama ya dole gumba. Alitazama kwa muda mrefu, bila haraka, mpaka mteja naye akaketi. Kisha akaweka lenzi chini, akafumba lile jicho lake, akapitisha kidole juu ya bawa kutoka ncha hadi ncha, akarudia. Mwalimu alikuwa ameshatoa wembe kwenye karatasi.

"Rudisha," Mzee alimwambia, na jicho bado limefumbwa. "Nyinyi nawajua. Mna huruma. Nikirudi sioni, mtanipa chochote mniambie ndiyo hii, tena imenyooka, na mimi sitakuwa na cha kubishia. Hii nimeiona ilivyo. Nataka nikiishika nijue ndiyo niliyoiona."

Mwalimu akafunga wembe. Kinyozi akanyonya kidole chake. Mzee akasema anataka mtu mmoja aahidi kwa mdomo, si kwa kutikisa kichwa, kwa sababu kichwa kikitikisika haoni vizuri. Wote wakanitazama mimi.

Nikasimama. Nilishika ukingo wa meza, si ndege.

"Mbele ya Kinyozi," nilisema, "na mbele ya Mwalimu, na mbele ya ndugu huyu ambaye hatujuani na kichwa chake hakijaisha, nakuahidi, Mzee: hakuna mkono utakaoligusa bawa hili mpaka uliguse wewe kwanza."