Gari Lenye Namba Mbili

Gari lilikuwa limeshatoa pua nje ya geti, matairi ya nyuma bado yako uani, na majirani wamelizunguka kama bibi harusi anayechukuliwa. Fundi alishika usukani kwa mikono miwili. Kando yake mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, alivaa gauni lake la kutokea.

"Likifa hilo, litazikwa makaburi mangapi?" muuza mkaa aliuliza.

"Tangulia wewe, ukifika utuulizie," Fundi akamjibu. Watu wakacheka wakampisha.

Utani haukukosa chanzo. Pua ilikuwa ya Pijo ya zamani. Milango ilikuwa ya Volvo, na ukiufunga mmoja ulisema tup, kama mtu mzima aliyemaliza neno lake. Injini ilikuwa ya Datsun iliyoishi hadi ikamzika mwenye nayo. Bodi ya nyuma Fundi aliifua kwa nyundo, kutoka mabati ya basi lililoungua. Na chini kabisa chesisi, uti wa mgongo wa gari, mbele Datsun nyuma Landrova, aliziunganisha yeye na shemeji yake mchomeleaji hadi ukipitisha kidole hujui wapi moja imekoma.

Siku ile lilikuwa linakwenda kukaguliwa. Mwenye tanuri alikuwa amemwahidi Mama Mikate njia ya kusambaza mikate kwenye maduka ya ng'ambo ya bonde, mradi aje na gari lenye pleti za namba. Hadi hapo alikuwa akisukuma mkokoteni, na mkate uliolowa mvua ulikuwa hasara yake.

Kwenye uwanja wa ukaguzi walipanga foleni nyuma ya pikapu nyeupe. Mkaguzi aliinama chini yake, akainuka, akagonga muhuri. Kisha akalijia la Fundi.

"Mzee, hili gari gani?"

"Langu."

"Aina, nauliza."

"Andika unavyoona."

Mkaguzi alilizunguka. Akaliendesha hadi mwisho wa uwanja, akakanyaga breki, likasimama pale pale. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Breki hizi hata langu halina," alisema. Fundi akatazama pembeni ili uso usimsaliti.

Kisha mkaguzi akaingia chini na tochi. Akakaa. Alipotoka, tabasamu lilikuwa limebaki huko.

"Chesisi ina namba mbili. Moja mbele, moja nyuma."

"Ndiyo. Magari mawili yalikufa, hili likazaliwa. Kila moja nimeliachia jina lake."

"Fomu ina nafasi ya namba moja, mzee. Mbili ni gari la wizi."

"Mwizi anafuta namba. Mimi nimeziacha."

Mkaguzi akashusha sauti. "Nje ya geti kuna jamaa ana mashine ya kusaga chuma. Futa moja, rudi, leo hii unaondoka na karatasi. Wenzako wote wanafanya hivyo."

Fundi akaonyesha bango ukutani, nyuma ya kichwa cha mkaguzi: KUFUTA NAMBA YA CHESISI NI KOSA LA JINAI.

Mkaguzi aligeuka akalisoma kana kwamba limebandikwa jana. "Basi mimi sijasema kitu," akasema.

Shemeji alikuwa ameyasema hayo hayo tangu mwanzo: futa moja, la sivyo utajisumbua. Fundi akamgeukia mkewe, maana mikate ilikuwa yake.

"Usinitazame mimi, baba," Mama Mikate alisema. "Mkokoteni naujua. Ukiifuta, kila utakalounda wataliita la wizi, na watakuwa hawajakosea."

Walirudi kwa barabara kubwa, polepole, bila pleti. Mama Mikate akashusha kioo, akatoa kiwiko nje. Watu wa vituoni waligeuza shingo, naye akawaitikia kwa kichwa, mmoja mmoja.

Njia ya ng'ambo ya bonde alipewa mwenye pikapu nyeupe. Mwaka uliofuata polisi waliikamata pikapu hiyo, kumbe ilikuwa imeibwa. Mkaguzi alipandishwa cheo kabla ya hapo, akahamishwa. Shemeji naye alinunua mashine ya kusaga chuma, na hakosi wateja. Gari la Fundi liko kwenye machimbo ya mawe, ambako hakuna anayeuliza pleti. Linabeba maji na mikate ya wachimbaji. Dereva ni Mama Mikate. Fundi magoti yamechoka, lakini ameshapata chesisi nyingine nusu, anatafuta ya kuiunga.