Joto la Kulalia

Pasi kubwa ya mvuke iliharibika Jumatatu asubuhi katika chumba cha kufulia cha hoteli, na hakuna aliyejisumbua kumwita fundi. Mpiga pasi alivua glavu, akatandaza shuka mezani, akalipitishia viganja, likanyooka. Nje theluji ilifika magotini. Wenzake walikuwa wamemwanikia soksi zao mbichi mgongoni, na mmoja akamwomba asiiname sana, zisije zikaanguka.

"Mwenzetu umezoea upesi," wakamwambia. "Sisi mwaka wa pili huu, midomo bado inatupasuka."

Alicheka kidogo, akatazama pembeni. Aliona haya, maana joto lile halikuwa lake.

Siku aliyosafiri, mama yake alimshika mikono yote miwili mlangoni. Teksi ilikuwa inapiga honi. "Chukua joto, mwanangu, uendako kuna baridi," mama alisema. "Ila uniachie la kulalia." Ndivyo walivyoagana siku zote katika nyumba ile. Hata mjomba, alipokwenda kufanya kazi milimani, bibi alimpa mikono hivyohivyo; akachota la kumtosha, akashukuru, akaenda zake. Huyu, wapi! Alichota, akachota. Vidole vya mama vilipoa, kisha viganja, kisha ubaridi ukapanda hadi kwenye viwiko. Alisikia kabisa vinavyopoa. Hakuachia. Honi ilipolia tena akaingia garini, wala hakugeuka kupunga mkono.

Huko nyumbani jua lilikuwa la utosini, lakini chumbani kwa mama maji yaliganda mtungini. Majirani, nao hawana dogo, wakaanza kuleta soda zao kuzipozea chini ya kitanda chake. Muuza nyama akaomba nafasi ya maini. Mama hakumkatalia mtu. Alilala na mablanketi ya kuazima mtaa mzima, na asubuhi alikuwa baridi vilevile. Ikabidi kaka mtu apige simu.

"Dada, njoo umrudishie mama joto lake. Ni kumshika mikono tu, basi."

"Nitakuja."

"Lini? Vidole vyake vimeanza kuwa vyeusi."

"Acha niombe ruhusa."

Aliomba kweli. Msimamizi, mwanamke mpole asiyependa makelele, alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole ya moyoni. "Nenda kamwone mama," alisema. "Lakini ukirudi umepoa, sina kazi ya kukupa. Wapiga pasi wa baridi wamejaa tele mjini." Mwenye nyumba naye alikwisha kung'oa kipasha joto chumbani kwa mpangaji wake, akakikodisha kwa mtu mwingine, akisema huyu anajitosha. Mpiga pasi akajaribu kuwaza siku moja tu ya kutembea barabarani akitetemeka kama wenzake, pua ikimchuruzika, akiteleza kila hatua. Moyo ukakataa. Akamwambia kaka yake kwamba amenyimwa ruhusa.

Jioni hiyo mama alipiga mwenyewe. Maneno yalikuwa yakimkatikakatika kwa kutetemeka.

"Hujambo, mwanangu? Umezoea huko?"

Alitaka kujibu kwamba amezoea. Ulimi ukateleza.

"Nimezoa, mama."

Alisikia meno ya mama yakigongana, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Najua," mama akasema. "Nilikuona. Ulikuwa na haraka." Kisha akamuuliza kama anakula vizuri.

Kesho yake aibu ilimwaka usoni, ikashuka mabegani, ikaingia mikononi. Kila alipolikumbuka lile neno, joto lilizidi. Mashuka yalinyooka kabla hajayagusa. Msimamizi akamsifu mbele ya wote, akasema hivyo ndivyo kazi inavyofanywa, na wenzake wakamletea na makoti.

Mshahara ulipotoka alinunua koti la kumtumia mama, zito, lenye manyoya shingoni, la bei ya kuumiza. Lilipofika, kaka akapiga simu.

"Koti zuri," alisema. "Lakini koti linatunza joto la mtu, dada. Mama hana la kutunzwa."

"Amelivaa?"

"Halivui. Yuko nalo hapo barazani, na jua lote hili. Hebu msikie mwenyewe."

Kaka akaisogeza simu. Mpiga pasi akamsikia mama, sauti ikitetemeka, akimwambia kila aliyepita: "Gusa, gusa uone. Binti yangu huyo. Hataki nipate baridi."

Wapita njia wakagusa, mmoja baada ya mwingine, wakasema, "Hapo, mama, una mtoto."