Alama Ndani ya Kola

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Mwalimu alijikwaa ulimi mbele ya watu kumi na saba.

Ilikuwa hivi. Mwalimu huyu alifundisha kisomo cha watu wazima, saa za jioni, katika chumba cha nyuma cha zahanati, kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, hata mzee mlinzi wa ghala alikaa magoti yakikaribia kidevu. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo dada yake wa tumbo moja, dobi anayejulikana mtaa mzima. Dada hakuwahi kukaa darasani. Mama yao alipougua, yeye ndiye aliyebaki nyumbani, na mama alipofariki akashika pasi ya mkaa ili mdogo wake ashike kalamu. Miaka mingi Mwalimu alimbembeleza aje kisomoni, na miaka mingi dada alisema anakuja. Mwaka huu akaja kweli.

Alikuja wiki tano. Wiki ya sita Mwalimu akamwita ubaoni, akampa chaki, asome neno moja na kulinakili. Dada akalikodolea macho, jasho likamtoka, akanyamaza. Mwalimu alikuwa amechoka, kichwa kinamgonga, na daftari la ukaguzi halijajazwa. Akasema, "Jamani, hata mtoto wa chekechea anaijua hii!"

Watu wakacheka. Dada akaiweka chaki mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai, akajifuta mikono kwenye aproni na kutoka. Hakurudi tena.

Na asidhani mtu kwamba dada alinuna kwa kelele. Angenuna kwa kelele ingekuwa nafuu! Mwalimu akienda kwake, akisema "Shikamoo dada," anajibiwa "Marahaba, nguo zako zile pale," na kweli nguo ziko pale, zimefuliwa, zimenyooshwa, zimekunjwa vizuri kama siku zote. Bure, kama siku zote. Ila maneno yameisha. Wiki tatu sasa Mwalimu anavaa nguo zenye harufu ya pasi ya dada yake. Alitaka kitu kimoja tu, dada arudi kwenye lile dawati la mbele. Hakujua pa kuanzia.

Ndipo ikaja semina ya walimu wa kisomo, siku tatu, katika ukumbi wenye feni moja inayozunguka na nyingine inayofikiria kuzunguka. Mkufunzi alikuwa mama mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Mwezi uliopita alipita darasa moja moja, akikaa nyuma na kuandika kwenye kidaftari chake, na walimu wengi walifundisha kwa madaha siku hiyo wakidhani anaandika sifa zao. Asubuhi aliwafundisha alama kumi na mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Vijiti, vitanzi, nukta, mikia. Alizitunga mwenyewe, akasema, na zinatosha kuandika chochote. Walimu wakazinakili huku wakitaniana. Kisha wakaenda kula, wakashiba.

Mchana, macho yakiwa mazito, akatundika karatasi kubwa yenye mstari mmoja wa alama zile. "Sasa wanafunzi ni nyinyi," akasema. "Fungeni madaftari. Wewe mama mwenye sweta, njoo usome."

Mwenye sweta alikuwa Mwalimu. Alisimama kwa tabasamu la mtu aliyesoma hadi chuo. Akafika mbele, akatazama, na alama zote zikamkimbia. Alijua kwamba alizijua asubuhi. Kile kitanzi alikumbuka kukiona, ila hakikukubali kusema jina lake. Feni ikazunguka. Karatasi ikapumua, ikaingia na kutoka, na vijiti vile vikaanza kuhama taratibu, kimoja kikimpisha kingine, kama watu wanaotafuta viti gizani. Sauti za wenzake zikasogea mbali, akasikia damu yake masikioni. Ulimi ulikuwa mkubwa kuliko kinywa. Akawaza, nikikaa kimya sana, labda nitatoweka.

Mkufunzi akangoja. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akasema, "Jamani, hata mtoto wa chekechea anaijua hii."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu akacheka pia, Mungu amsamehe, alicheka huku machozi yakimlenga.

Baada yake waliitwa wengine wanne, na kila mmoja akapewa lake. "Ulikuwa wapi tulipojifunza hii?" "Kaa, unawachelewesha wenzako." Wa mwisho alipokaa, mkufunzi akavaa miwani yake. "Maneno yote niliyowaambia mchana huu si yangu," akasema. "Nimeyaokota madarasani kwenu." Hakumtazama mtu. Hakuna aliyecheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na walimu ishirini na wawili walikaa wakiusikia uchungu wake.

Semina ilipofungwa kwa siku ile, Mwalimu alitembea kwa miguu. Na hapa ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu kidogo, maana mchana ule ulikataa kumtoka machoni. Alipita mbele ya duka la dawa akatazama kibao chake, na herufi zilikuwa mikwaruzo ya rangi nyekundu tu. Akapita kwa kinyozi, kwa muuza vifaa vya umeme, kwa mshona viatu. Kote ukutani kumeandikwa, na kote hakuna neno. Mtaa alioupita miaka thelathini ulikuwa umefunga midomo. Watu walipita wakitazama juu na kuelewa, wakaingia milango sahihi, na yeye akasimama kando ya mtaro kama mgeni asiyeambiwa chochote. Ilidumu hatua mia moja labda, labda chache zaidi. Kisha herufi zikarudi moja moja mahali pake. Lakini alikuwa ameshaona, na hatua mia moja tu zilimtisha. Akajiuliza dada yake ametembea hatua ngapi namna ile. Miguu ikageuka yenyewe kuelekea kwa dobi.

Chumba cha dobi kilikuwa cheupe kwa mvuke. Shuka za nyumba ya wageni zilining'inia safu kwa safu, zikijaa upepo na kulegea, na sauti ya pasi ilitoka katikati yake. Mwalimu akavua sweta kwa joto, akapenya shuka ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nguo zako zile pale."

Mwalimu hakuzifuata nguo. Alitazama rundo la mashati mezani, kola zimegeuzwa nje, na ndani ya kila kola alama ndogo ya uzi. Vijiti. Vitanzi. Nukta, mikia. Alikuwa ameziona maisha yake yote kama mtu anavyoona vumbi.

"Dada, hizi huwa unazichanganya?"

"Nikizichanganya bosi atavaa suruali ya mpishi. Unataka nini?"

"Nifundishe kuzisoma."

Pasi ikasimama. "Umefukuzwa kazi?"

"Nimefeli. Leo, mbele ya watu, kwa alama kama hizi. Nilisimama pale kama gogo, dada. Wakanicheka." Kisha yaliyobaki yakatoka yenyewe. "Na mwalimu akaniambia hata mtoto wa chekechea anaijua."

Dada akamtazama. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akaubana, ukamshinda. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Wewe! Na vyeti vyako vyote vile ukutani!"

"Ndiyo, mimi. Nisamehe, dada."

"Kunja hizo soksi," dada akasema, akijifuta macho. "Mikono isikae bure."

Basi Mwalimu akakunja soksi, na dada akamfundisha. Hakuanza na alama. Alianza na watu. Huyu ni mkunga, kwa hiyo duara lenye nukta ndani. Huyu ni fundi wa paa, mistari miwili inayokutana juu. Huyu ni yule baba wa mapacha anayependa kulalamika, nukta mbili na mkia. Kisha akampa shati. "Haya, la nani?"

"La fundi wa paa."

"Umekaribia. Angalia tena, nguo haina haraka."

Mwalimu akaangalia tena. Shuka zilipumua kandokando yao, mwanga wa jioni ukapita ndani yake ukawa kama maziwa, na mvuke ulimfanya dada aonekane na kupotea, aonekane na kupotea. Alikosea mara saba. Mara zote saba dada alisema umekaribia, au jaribu hii rahisi kwanza, au, ile mara ya saba, hakusema kitu, alimwekea tu shati la mkunga karibu ili alione. Miaka kumi na minne Mwalimu amehudhuria semina, ana makabrasha ya mbinu yanayojaza sanduku zima, na hakuna siku aliyomwambia mwanafunzi wake kwamba nguo haina haraka.

Kisha akaokota sweta yake mwenyewe ili apate nafasi, kola ikageuka. Ndani yake mlikuwa na alama. Vijiti viwili vya uzi wa bluu, kimoja kirefu, kingine kifupi.

"Na hii?"

"Hiyo ni yako. Umeivaa tangu sare za shule, hujawahi kuniuliza." Dada akarudi kwenye pasi. "Zamani kirefu kilikuwa kushoto. Kushoto ni mimi. Uliponijia na cheti cha ualimu nikageuza. Sasa kirefu ni wewe."

Mwalimu alisimama na sweta mikononi, akahesabu miaka yote ambayo jambo lile lilikaa shingoni mwake. Mwisho akauliza, "Jumanne utakuja darasani?"

"Nina shuka sitini," dada akasema, na mvuke ukamfunika.

Mwalimu akaondoka bila nguo zake, bila sweta, kichwa kikielea.

Jumanne aliandika ubaoni mapema. Alikuwa amekata vipande vya kitambaa, na juu ya kila kipande ametia neno moja la kazi za wanafunzi wake wenyewe, ghala, ufunguo, sabuni, pasi. Kile kitabu cha watoto chenye hadithi za sungura amekifungia kabatini. Wanafunzi wakaingia. Dawati la mbele likabaki tupu. Mzee mlinzi akamletea kifurushi cha gazeti. "Dada yako kanipa nikupe."

Ilikuwa sweta, imefuliwa. Basi hii ndiyo ile 'nguo zako zile pale,' akawaza, amenitumia mpaka hapa. Akaikunjua kwa mazoea, akageuza kola.

Uzi ulikuwa mpya. Vijiti viwili, na vilikuwa sawa kwa urefu.

Akaisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Dada yake hakuwahi kumwandikia barua, na hii hapa barua. Akalia mbele ya darasa zima, wala hakujificha.

"Mwalimu analia nini?" akauliza mzee mlinzi.

"Anajifunza kusoma," sauti ikajibu kutoka mlangoni. Dada alikuwa akijifuta mikono kwenye aproni. Akapita katikati ya madawati, akakaa mbele, akachukua kipande kilichoandikwa pasi, akakigeuza upande huu na ule. "Anza basi, mdogo wangu. Ila leo ukiniita ubaoni, uningoje."

"Nitakungoja, dada."