Miaka Saba ya Sola

Baba alifariki Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, meza yake ikiwa bado kwenye mlango wa mbele. Alikuwa fundi saa, na nyumba yetu haikuwa na umeme, kwa hiyo meza ile ilifuata mwanga: asubuhi mlangoni, mchana ikahamia dirisha la nyuma. Siku hiyo hakuna aliyeihamisha.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo alinijia dukani, ninakouza vifaa vya ujenzi. Alishika karatasi ya bei aliyoandikiwa na fundi wa sola: paneli moja, betri, taa tatu, malipo kidogo kidogo.

"Binti yangu, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Hebu nipigie hesabu. Inalipa hii?"

Nilijiona mtu. Wateja wawili walikuwa kaunta, nikataka wasikie. Nikachukua gharama ya mafuta ya taa kwa mwezi, nikajumlisha ya kuchaji simu, nikalinganisha na bei ya sola.

"Haikulipi, Baba. Mpaka irudishe hela yako ni miaka saba." Nikaziangalia mvi zake. "Na wewe sasa hivi una sabini na mbili."

Mteja mmoja akacheka. Baba naye akacheka, akaikunja karatasi yake.

"Basi itabidi nijitahidi," akasema, akaaga.

Nikarudi kwenye misumari yangu. Katika hesabu ile sikuweka hata saa moja ambayo angeitengeneza jioni. Hilo nililiona baada ya mazishi, nilipofungua droo yake nikakuta bahasha thelathini na moja za saa za watu, zote zikingoja zamu.

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, Mama alikaa kitandani akikunja mashati ya Baba.

"Baba yako alikuwa mbahili, jamani," alisema. "Sola tulikubaliana wote wawili. Katoka asubuhi na karatasi, karudi anasema ameghairi, eti taa nyeupe zitamuumiza macho. Macho! Mtu anayeinamia saa mpaka pua inagusa meza! Nikamwambia, sema tu hela inakuuma, mkono wa birika wewe."

"Akasemaje?"

"Alicheka tu. Nimemwita hivyo mpaka wiki ile ya mwisho."

Ningeweza kunyamaza. Wateja wale hata sura zao sizikumbuki.

"Mama, ni mimi niliyemkataza," nikasema. Nikamweleza yote, hata ile sabini na mbili, hata kicheko.

Alimaliza kukunja shati, akalikunjua, akaanza upya.

"Kwa hiyo muda wote huo mimi namsimanga, kumbe mwenzangu anakusitiri wewe."

"Nisamehe, Mama."

"Na mimi nani ataniombea msamaha kwake?"

Nilitoka nje nikasimama uani, niliporudi sebuleni nikamkuta ameufunga mlango wa chumba.

Sola imefungwa sasa wiki ya tatu, nimelipa mimi. Mama huwasha taa moja tu. Nikienda Jumapili, hunifutia kiti na kunikaribisha sebuleni, kama mgeni.