Matofali ya Maalim Tamim

Barazani Mkunazini hapakuwa na mtu mwenye maoni mengi juu ya vitu asivyovigusa kuliko Maalim Tamim. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja. Darajani kulikuwa kumefunguliwa vyumba vya gemu, vijana wamekaa mbele ya televisheni wakibonyeza vidude mikononi. Madukani kanda zilikuwa zikizipisha sidii. Na vikundi vya taarab vilikuwa vikiweka pembeni fidla na kanuni, ala za nyuzi, vikinunua vinanda vya umeme. Maalim alikuwa na hukumu ya kila kimoja. Kinanda alikiita friji linalolia. Muziki uliotiwa ndani ya kompyuta alisema ni biriani ya kwenye picha. Ama gemu, hilo hakulipa hata heshima ya mzaha.

"Gemu mwizi," alisema jioni moja, kikombe cha kahawa mkononi. "Tena mwizi anayekuibia umri wako nawe umekaa mbele yake, unamchekea."

"Lakini wewe mwenyewe, Maalim, ushapata kulicheza?" aliuliza Masoud, muuza vitambaa, ambaye hakuiacha nafasi ya kumchokoza ikapita.

"Kwani mpaka nilewe ndo nijue pombe haramu?"

Baraza ikacheka. Masoud naye akacheka, akamsogezea kashata. Kisha Maalim akamalizia pale alipomalizia siku zote, yaani bwenini. Alisoma skuli ya bweni katika zama ambazo, kwa maneno yake, mtu alifundishwa kwanza kutandika kitanda, hesabu zikafuata. Huko palikuwa na desturi. Likitokea kosa, mkuu wa bweni aliuliza mara moja tu: "Nani?" Aliyelifanya alitoka hatua moja mbele ya kitanda chake, kabla wenziwe hawajaadhibiwa kwa ajili yake. Asiyetoka, akija kujulikana, hakupigwa wala hakutukanwa. Wenziwe waliacha tu kumwita kwa jina mpaka muhula ukaisha.

"Mie nimetoka mbele ya kitanda," alipenda kusema, "na kila nilipotoka, nilirudi mtu mzima zaidi."

Asubuhi alikuwa katibu wa Jumuiya ya Nyimbo za Kale, yenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani huko Vuga. Jumuiya ilikusanya kanda za zamani kutoka majumbani mwa watu na kuzihamishia ndani ya kompyuta kuukuu iliyotolewa na wafadhili. Kazi hiyo ilikuwa ya Zuleikha, binti wa Mwanakwerekwe, mtu wa maneno machache. Funguo za ofisi walikuwa nazo wawili tu, yeye na Maalim. Kompyuta ilikuwa mikononi mwa Zuleikha peke yake, kwani Maalim alijisifu mbele ya kila mgeni kwamba hajui hata inakowashwa.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa wimbo wa Bi Mwanapili. Bi Mwanapili aliimba ujana wake wote, kisha maradhi ya koo yakamwachia mnong'ono. Sauti yake ilibaki katika kanda moja tu, ya zile za magurudumu, na kanda yenyewe ilikuwa imeshaanza kumenyeka. Zuleikha aliipitisha mashineni mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyoimaliza; utando ulibanduka ukabaki ungaunga mezani. Lakini sauti ilikuwa imeshaingia ndani ya kompyuta. Bi Mwanapili akaletwa, akakaa, akajisikiliza macho ameyafumba. Alipoondoka, Maalim alimshika mkono, kama afanyavyo miaka yote, akamteremsha ngazi nzima hadi mlangoni. Hiyo ilikuwa heshima aliyojiwekea mwenyewe, na hakumwachia mtu mwingine.

Wiki ileile alimnyang'anya mwanawe sidii ya gemu. Mwanawe, Muhannad, alikuwa akisoma chuo kule Tunguu, na Maalim aliiona sidii imefichwa ndani ya kitabu cha sheria. Alimsomea hotuba ndefu, kisha akaitia sidii mfukoni mwa kanzu. Kesho yake alasiri, Zuleikha alipokwisha kwenda zake, Maalim alibaki ofisini, akajiambia kwamba hakimu wa haki hutazama ushahidi kabla ya kuuchoma. Alikuwa amemwona Zuleikha akiiwasha ile mashine mara nyingi. Akaiwasha.

Mashine ikagoma. Ilisema imejaa, ikamtaka afute kitu gemu lipate pa kukaa. Kati ya vilivyokuwamo palikuwa na kimoja kikubwa kupita vyote, nacho hakikuwa na jina la maana, ila herufi mbili na tarakimu. Maalim angeweza kusubiri hadi asubuhi akauliza. Lakini angeuliza vipi, naye hajui hata kompyuta inakowashwa? Akakifuta.

Gemu lenyewe lilikuwa la matofali. Yalishuka kutoka juu ya kioo, ya rangi na maumbo mbalimbali, nawe uliyageuza na kuyasogeza yakae vizuri. Mstari ukijaa bila ya pengo, ulitoweka. Hapana bunduki, hapana wanawake nusu uchi. Maalim alijitayarisha kukutana na ufisadi, akakutana na ukaguzi wa bweni: shuka zimenyooka, pengo hapana, pita. Nyuma yake kulikuwa na muziki mwembamba wa kompyuta, wa kujirudia, ambao kama angeusikia barazani angeutukana. Alipoinua kichwa, magharibi ilikuwa ikiadhiniwa, na alasiri ilikuwa imempita hajaisali.

Siku ya pili alirudi. Na ya tatu. Jioni alikwenda barazani akailaani michezo ya vijana kwa ukali kuliko zamani, na huku analaani, vidole vyake vilikuwa juu ya goti, vinapanga matofali.

Kisha ikafika siku ya kutayarisha hafla ya kumtukuza Bi Mwanapili. Zuleikha akautafuta wimbo asiuone. Fundi akaitwa, akashinda mbele ya mashine, mwisho akasema wimbo umefutwa, na pale ulipokuwa umekaa sasa limekaa gemu. Hautarudi.

Kamati ya Jumuiya ikakutana siku hiyohiyo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mkubwa, mtu mpole aliyechukia kugombeza watu, na kwa hivyo alipogombeza aligombeza vibaya.

"Gemu hili la nani, Zuleikha?"

"Silijui, Mzee. Sikulitia mimi."

"Wenye funguo wewe na Maalim. Sasa wataka kutwambia Maalim ndo akaaye hapa akicheza gemu?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Masoud, ambaye naye alikuwa mjumbe, alicheka hadi akavua kofia akajifutia macho. Na Maalim, jambo ambalo baadaye lilimla kuliko yote, Maalim naye alitabasamu.

"Nauliza mara moja tu," akasema Mzee Mkubwa. "Nani?"

Mzee Mkubwa hakupata kusoma bwenini. Neno lilimjia tu. Lakini Maalim alilihisi likimgonga kifuani, na nyuma ya magoti yake akahisi chuma baridi cha ukingo wa kitanda. Hatua moja. Aliitazama meza.

Zuleikha alimtazama mara moja, si kwa kumshitaki; alimtazama kama mtu anayetazama saa ukutani kujua wakati. Kisha akauweka ufunguo wake mezani. Kamati ikampa mpaka Alkhamisi: akiri aombe radhi, ama asirudi tena, na watu waambiwe sababu. Maalim alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kidato kwa kidato.

Siku zile mtu mzima yule hakuwa na raha. Watoto wa mtaani walimwamkia, "Shikamoo, Maalim," na kila "marahaba" aliyoitoa ilimkwaruza kooni. Barazani alikunywa kahawa bila ya kulitaja gemu. Masoud akamwambia, "Leo gemu halina matusi? Au mmepatana?" Watu wakacheka, naye akaondoka kahawa yake ikiwa nusu. Nyumbani alimrudishia Muhannad sidii bila ya neno. Kijana akaipokea, akamtazama babake usoni, akainamisha kichwa haraka kama aliyefungua mlango wa choo akamkuta mtu.

Alkhamisi Bi Mwanapili alikuja mwenyewe. Hakuitwa, alisikia, akapanda ngazi akashika ukuta, akakaa karibu na dirisha, amejitanda buibui lake. Zuleikha alisimama karibu na mlango. Mzee Mkubwa hajafungua mdomo, Maalim akanyanyuka.

"Nimefuta mimi," alisema. "Gemu nimetia mimi. Nimelicheza hapa siku nyingi. Binti huyu hana kosa."

Alitarajia kimya kizito, kisha dharau. Alikuwa amejitayarisha kwa dharau. Badala yake Mzee Mkubwa alimtazama kwa macho yaliyolowa.

"Maalim," alisema taratibu. "Allah akulipe. Tunajua ulivyo. Unataka kumsitiri mtoto wa watu."

"Simsitiri. Ni kweli."

"Na ndivyo asemavyo msitiri," mjumbe mmoja akadakia, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Mji ule ulifundishwa kuifunika aibu ya mwenzako kwa nguo yako mwenyewe, na wote waliokuwamo chumbani waliona wanashuhudia jambo hilo likifanywa na mtu anayestahili kulifanya. Maalim alihisi heshima yao ikimwangukia begani, nzito, laini, isiyo yake. Kadiri alivyokataa, ndivyo ilivyozidi.

Masoud peke yake alikuwa na tabasamu jingine, la mtu anayeshuku mapenzi. "Kumsitiri kote huku," akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono wa kusikika, "huyu binti hana kaka wa kumsemea?"

Uso wa Zuleikha ukabadilika. "Mimi sina aibu ya kusitiriwa," alisema. Sauti yake haikupanda. "Kama Maalim asema kweli, gemu bado limo humo, mlilibakisha kuwa ushahidi. Basi na akae, acheze."

Wakacheka tena, lakini kidogo. Mzee Mkubwa akaipungia mkono kompyuta, kama mtu anayetaka jambo liishe. Maalim akakaa.

Tofali la kwanza likashuka, na muziki mwembamba ukaanza. Ndipo akaona mlango umeachwa wazi kwa ajili yake. Akicheza vibaya, ameokoka. Wangemwinua kitini, wangemkumbatia, na barazani wangemsimulia kwa miaka. Mkono wake, bila ya kuamrishwa, ukaliacha tofali likae upande. Na la pili. Pengo kubwa likafunguka katikati.

"Mnaona," Mzee Mkubwa alisema kwa huruma. "Basi, Maalim. Inuka, ndugu yangu."

Maalim hakuinuka. Aliliona lile pengo. Aliona pia, katika kioo, kivuli cha binti aliyesimama mlangoni nyuma yake, mikono ameikunja. Vidole vyake vikashika kazi. Tofali refu akaligeuza, akalitia pengoni. La pembe akaliweka kando yake. Mstari ukatoweka, na wa pili, na wa tatu. Matofali yakazidi kasi na vidole vikazidi kasi navyo, wepesi, bila ya kusita, vidole vya mtu aliyefanya jambo hilo alasiri nyingi, mlango ameufunga. Nyuma yake kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa. Mtu akavuta kiti. Masoud alisema, "Lahaula," kwa sauti ndogo, na safari hii hakuwa akimchokoza mtu.

"Basi, Maalim," Mzee Mkubwa akasema. Hakusema ndugu yangu. "Basi. Tushaona."

Lakini palikuwa na pengo moja limebaki, na Maalim, Mungu amsamehe, alilisubiri tofali lake hadi akaliziba. Hapo ndipo alipoondoa mikono, na masikio yakamwaka moto.

"Ndo huu?" Bi Mwanapili aliuliza. Mnong'ono wake ulisikika chumba kizima. "Muziki huu ndo uliokaa mahali pangu?"

"Naam, Bi."

"Hebu endelea. Niusikie."

"Bi Mwanapili, nakuomba..."

"Endelea, mwanangu. Mie sauti yangu naijua. Huu siujui."

Akaendelea. Safari hii vidole vilikuwa vya mzee. Matofali yalijikusanya ovyo, yakapanda, yakafika juu, na muziki ukakatika katikati ya mzunguko wake. Bi Mwanapili alisikiliza mpaka mwisho macho ameyafumba, kama alivyojisikiliza mwenyewe. Kisha akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Kama mwenye kupima kitambaa asichokusudia kukinunua.

Mzee Mkubwa akauchukua ufunguo uliokuwa bado mezani, akamnyooshea Zuleikha kwa mikono miwili. Zuleikha akaupokea. "Ntakuja Jumamosi," alisema tu. "Zipo kanda nyingine zinamenyeka."

Bi Mwanapili akanyanyuka. Maalim, kwa mazoea ya miaka, akanyoosha mkono amshike amteremshe. Bibi akauona ule mkono. Akaupita pembeni, polepole, kama anavyopita mtu kando ya kiti, akamshika Zuleikha bega.

Wajumbe wakatoka mmoja mmoja. Kila mmoja alimuaga mwenziwe kwa jina; la Maalim halikutajwa. Maalim alibaki juu ya ngazi, mkono bado umenyooka kidogo, akisikiliza viatu vya wale wanawake wawili vikishuka pamoja.