Picha Isiyo na Watu

Mpango wa kampeni ulikuwa na jedwali lenye safu tano: ujumbe, hadhira, jukwaa, tarehe, hatari. Nililijaza mwenyewe asubuhi moja ofisini Kitui, nikiwa na haraka. Kwenye safu ya hatari niliandika: "Ndogo. Picha hazina watu."

Mkurugenzi wetu, Jonah Kitonga, aliipenda sana sentensi hiyo. Aliisoma kwa sauti mbele ya wafadhili. Nami nilikaa pale nikiitikia kwa kichwa kama mtu aliyefikiria.

Shirika letu ni dogo: watu sita na pikapu moja. Tunatetea mito ya mchanga. Mto wa huku hukauka juu, maji yakabaki chini, na ukichimba shimo mchangani unayapata. Lori likibeba mchanga limebeba na maji. Ndiyo maana kampeni tuliipa jina #MchangaNiMaji. Januari nilienda Ikutha nikawafundisha kina mama kumi na wawili kupiga picha kwa simu na kunitumia kwa WhatsApp.

"Sitaki nyuso," niliwaambia. "Lori, namba ya lori, mto. Basi."

Kanyiva ndiye aliyenisikia vizuri kuliko wote. Picha yake iliingia mwanzoni mwa Machi. Kunapambazuka, lori jekundu liko katikati ya mto, namba inasomeka. Mbele yake kuna foleni ya mitungi ya manjano ikingoja zamu kwenye shimo la maji, mtungi wa kwanza ukiwa karibu kabisa na kamera. Hakuna mtu hata mmoja. Niliirusha Facebook na X saa mbili asubuhi. Kufikia Ijumaa ilikuwa imesambazwa mara elfu nne na lori lile lilikuwa limezuiwa barabarani. Ofisini tulikata keki.

Wiki tano baadaye Kanyiva alinipigia simu.

"Mama Kasyoki, wakya?"

"Aa," nikaitikia salamu. "Habari za Ikutha?"

"Ziko. Mtungi wangu umetolewa kwa foleni."

Nilidhani umeibwa. Nikamwambia nitamletea mwingine.

"Mtungi ninao," alisema. "Nafasi ndiyo sina."

Kisha akanieleza, pole pole, kama anayemweleza mgeni. Mitungi hupangwa mtoni jioni, wenyewe wakarudi nyumbani kulala. Asubuhi jua likitoka kila mmoja anakuja kusimama kwa mtungi wake. Alfajiri kunakuwa na mtu mmoja tu, mwenye mtungi wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayeanza kuchota. Na mtungi wa kwanza pichani ulikuwa na herufi KK za jina lake, zilizoandikwa kwa rangi ya kupaka mabati, umezibwa kwa gunzi lililofungwa kitambaa cha sare ya shule.

"Mulwa aliangalia simu mara moja tu," alisema.

Mulwa ndiye dalali wa mchanga wa sehemu ile. Amezaliwa pale pale. Mama yake amechota maji kwenye shimo hilo miaka arobaini, na yeye mwenyewe amebeba mitungi hiyo akiwa mtoto. Picha yangu isiyo na watu aliisoma kama mwalimu anayeita majina. Hakumgusa Kanyiva. Aliwaambia tu wanaume wanaopakia mchanga kwamba hakuna kazi siku yoyote mtungi wa KK ukionekana kwenye foleni. Wanaume wakawaambia wake zao. Wake zao wakautoa.

"Sasa unachota wapi?"

"Kule chini. Saa mbili kwenda, saa mbili na nusu kurudi. Punda amechoka. Lakini usijali, Mama Kasyoki. Kampeni inaendelea?"

Nikasema inaendelea. Nikakata simu.

Mimi si mgeni. Nimezaliwa Kathonzweni, Makueni. Mtungi wetu nilitia alama mwenyewe kwa msumari wa moto, mistari mitatu na duara. Nikiwa na miaka tisa ningeweza kukuambia mitungi thelathini ni ya nani, na nani amegombana na nani kwa kuangalia tu ilivyopangwa. Nilijua kwamba kwenye foleni mtungi ndio mtu. Niliacha kujua nilipoanza kufungua mfereji jikoni.

Jambo jingine nitalisema tu. Mwezi huo huo wa Januari, shule ya binti yangu Kasyoki ilileta fomu ya kuomba ruhusa ya kuweka picha za watoto mtandaoni. Niliandika HAPANA kwa herufi kubwa. Nikapiga mstari chini yake. Wa Ikutha sikuwapa hata fomu.

Nilimweleza Jonah. Alisikitika kweli, si mtu mbaya. Halafu akafungua kompyuta akanionyesha barua pepe. Wafadhili walitaka kuiweka picha ile kwenye ripoti yao ya mwaka, na waliomba fomu ya ridhaa ya mpigaji.

"Nenda Ikutha umpe pole," alisema. "Mpelekee mitungi miwili mipya. Na upate sahihi. Tarehe muweke tatu Machi."

"Leo ni kumi na moja Aprili."

"Nzisa, ridhaa alikuwa nayo. Karatasi ndiyo haikuwepo."

Nilichukua karatasi. Ningeweza kusema nilibishana. Sikubishana.

Niliondoka na pikapu alfajiri. Nilimkuta Kanyiva nyumbani kwake akimfunga punda matandiko. Kanyiva alikuwa amekonda. Alinikumbatia, akaniletea kiti, akanitilia chai, na mimi nikiwa na bahasha ile kwapani nikainywa. Niliangalia alivyosuuza kikombe changu: vijiko vinne vya maji, na maji hayo hayo akayamwagia kuku.

"Umeleta karatasi," alisema. "Jonah alinipigia. Niweke wapi?"

Akachukua kalamu. Hakusoma.

"Soma kwanza."

"Wewe umesoma, si umeisomea kazi hii? Nikuulize moja tu. Nikiweka sahihi, nitarudishiwa nafasi?"

"Hapana."

"Basi ni ya nini?"

Nilitaka kumwambia ni ya utaratibu. Neno hilo nalisema kila siku.

"Ni ya kuonyesha kwamba nilikuuliza kabla ya kuitoa picha," nikasema. "Na sikukuuliza."

Kanyiva aliitazama kalamu, akaitazama karatasi. "Hukuniuliza," alisema, kama mtu anayekumbuka jambo. Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Ungeniuliza ningekuambia. Ningekuambia ukate ule mtungi wa mbele."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Ingekuwa afadhali iwepo. Sekunde tano za kukata picha, na mtu wa kuniambia nikate alikuwa kwenye simu yangu.

Nilimnyang'anya kalamu nikaifunika. Nikaushusha mtungi mmoja mpya kutoka kwa pikapu.

"Twende mtoni."

"Mama Kasyoki, nimekuambia hawataki."

"Nimesikia. Twende."

Foleni ilikuwa ndefu, wanawake kama ishirini. Waliponiona nikiteremka ukingoni na mtungi mtupu, na Kanyiva nyuma yangu, waligeuka wote kunitazama. Niliuweka mtungi mwisho wa mstari. Ulikuwa mpya, unang'aa, bila alama yoyote.

Mama Ndululu, mwanamke mkubwa mwenye leso kichwani, ndiye aliyeanza. "Huo ni wa nani?"

"Ni wangu, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Na wewe ni nani?"

"Nzisa. Wa ofisi ya Kitui."

"Aah! Ndiye wewe wa mitandao!" Akawageukia wenzake. "Ametoka Kitui na gari kuja kuchota lita ishirini. Mfereji umekauka?"

Wakacheka. Nikasikia mwingine akisema hata Kikamba changu ni cha ng'ambo ya mto Athi, cha Makueni. Wakacheka tena. Nikangoja wamalize.

"Ile picha ya lori niliitoa mimi," nikasema. "Si Kanyiva. Yeye alinitumia mimi peke yangu, na mimi nikawaonyesha watu wote bila kumuuliza. Mitungi yenu yote iko pale, si wa Kanyiva tu. Niliiangalia nikaona mitungi. Sikuona nyinyi. Kosa ni langu. Mkitaka kutoa mtungi kwa foleni, toeni huu."

"Maneno yako ni mazuri," alisema Mama Ndululu. "Yatanipakilia lori? Bwana yangu amerudi nyumbani siku nne mikono mitupu kabla hatujautoa ule mtungi. Wewe siku hizo ulikuwa unakula nini?"

Keki. Nilikuwa nakula keki.

Aliusogelea mtungi wangu, na nikajua ataupiga teke. Aliuinua, akaugeuza, akatafuta alama.

"Hauna kitu," alisema. "Mulwa atauliza ni wa nani."

"Mwambie ni wangu. Mpe namba yangu ya simu. Jina langu ni Nzisa, naliandika."

Sikuwa na rangi. Nilitoa ufunguo wa pikapu nikakwaruza kwenye plastiki mistari mitatu na duara, na chini yake NZISA, kwa herufi kubwa kama nilizoandika kwenye fomu ya Kasyoki. Mama Ndululu akaurudisha pale pale mwisho.

"Mwenyewe akiondoka, mtungi ni wa nani?" akauliza, bila kumtazama Kanyiva.

"Atakayechota nao ni mimi nimemtuma."

Akafikiria. "Leo," alisema. "Kesho sijui." Akarudi kwenye nafasi yake.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Jonah.

"Umepata sahihi?"

"Hapana. Na picha naiondoa sasa hivi, kila mahali. Waandikie hatukuomba ridhaa. Usipoandika wewe nitaandika mimi."

"Nzisa, hiyo picha ndiyo kampeni yenyewe!"

"Najua."

Niliiondoa nikiwa nimesimama mchangani. Facebook, kisha X. Simu iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Elfu nne walikuwa wameshaisambaza, na hao siwezi kuwafuta. Mulwa naye anayo yake.

Foleni ikasogea. Kanyiva akainama, akausukuma mtungi mbele hatua moja, kwa mguu, kama mtu wa pale.